Injini ya Lori, Breki za Kigari

Nakumbuka Ijumaa ile tuliyompeleka mdogo wangu Tatu binti Mbwana kwa mumewe, kijijini Mahege, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha huona haya.

Mume wangu, Omari bin Shamte, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari pale Kibiti. Alikuwa na kigari cha viti viwili, kisicho na paa, alichoachiwa na Mzungu mmoja wa pamba. Injini ilikuwa imekufa. Nikamwambia atie ya lori bovu la magogo. Shule sikukaa, lakini mdomo nilikuwa nao.

"Itaingia, mke wangu," akasema, "ila breki ni zile zile ndogo. Nipe wiki mbili nizibadili."

"Wiki mbili! Na harusi Ijumaa? Kwani tunakwenda kusimama au tunakwenda kufika?"

Haraka haraka haina baraka. Naijua tangu utoto, nikadhani ni ya watu wengine. Injini ikaingia, boneti ikagoma kufunga, akaikaza kwa kamba kama tenga la kuku.

Sasa, kwetu bibi harusi hakanyagi ardhi mpaka mlangoni kwa mumewe. Hubebwa mgongoni na somo yake, yule aliyemfunda. Somo wa Tatu alikuwa Bi Mwanahawa binti Kindamba, mwili umejaa, ulimi umejaa zaidi. Mimi na Tatu tukabanana kiti kimoja, Bi Mwanahawa akakaa nyuma juu ya buti.

Kigari kiliruka, mwanangu! Kwenye mteremko wa Mahege tukaiona nyumba, vigelegele vimeanza. Omari akakanyaga breki. Akakanyaga tena. Akasoma shahada. Tukaipita nyumba, tukawapita wapiga vigelegele, tukatua shamba la mpunga, pua kwenye tope, makalio juu.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini tope lilikuwa la magoti, na Tatu analia: akitia mguu tu, mawifi watalisema mpaka kwa wajukuu. Bi Mwanahawa akakaza kanga, akamweka mgongoni, akaanza kuvuka. Kila hatua na neno la kunisema mimi.

"Zainabu we! Mguu wa kukimbilia umeuongeza, wa kusimamia umeuacha Kibiti! Hata mbuzi anajua kusimama! Hebu ninyanyulie kanga hiyo!"

Tukafika. Mguu wa Tatu mkavu. Mimi tope mpaka kwenye meno. Mama mkwe wake akanitazama, akauliza, "Na huyu kibarua wa mpunga mmemtoa wapi?"

Mwanangu, sikukatazi kutaka nguvu. Taka kazi kubwa, taka cheo, taka hiyo pikipiki yako. Lakini kabla hujaongeza nguvu, jiulize utajizuiaje. Na anayekwambia "ngoja" usimwone adui, kawia ufike.

Mwenyezi Mungu akupe mwendo mwema na pa kusimama, na siku ukizama, akujaalie mtu wa kukubeba mgongoni huku anakusema. Amin.