Maji Aliyonyimwa Luka

Zipora wa Samuye hakuwa mtu wa kununa. Watu walimjua kwa kicheko chake, kwa michembe aliyouza gulioni Tinde, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo watoto hutafuna njiani, na kwa ulimi ambao ungeweza kumvua mwanamume shati huku akishukuru. Mumewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja, Luka, na Zipora akamlea kwa jembe la mkono na mbuzi wachache. Basi ukitaka kujua ilikuwaje mwanamke huyo akaja kuketi kwenye kivuli cha minyaa, akamtazama jirani yake akichimba kaburi peke yake juani, na moyo wake ukawa unasema bado, bado kidogo, lazima uanze na siku jirani huyo alipokula ugali wake.

Jirani aliitwa Sostenes, mtoto wa Mayu Klara. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Klara alikuwa mama wa kijiji kizima. Sostenes aliondoka kijana, akapita jeshini, akapotelea mijini, na akarudi mtu mzima mwenye buti, miwani myeusi na pikipiki inayonguruma. Alikuwa mkuu wa walinzi kwenye plenti ya kuchenjulia dhahabu upande wa Kharumwa, akawa anatafuta vijana wa kuajiri. Alijiita Komandoo. Watu nao wakamwita hivyo, kwa sababu jina halimgharimu anayeliita.

Alikuja kwa Zipora saa ya chakula, kama wajanja wote. Akanawa, akamega tonge, akaanza kumweleza Luka habari za makomandoo wa dunia.

"Mmarekani anamtia kijana wake kwenye bahari ya baridi, usiku na mchana hapati usingizi. Anayechoka anagonga kengele, anarudi kwao. Mwingereza hapigi kelele. Anakupa begi zito na ramani, anakuonyesha milima, anakwambia tukutane ng'ambo. Mwisraeli anatembea mpaka nyayo zinachubuka, huku amembeba mwenzake kwenye machela. Sasa Mrusi." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Mrusi anapigana ngumi na wenzake kwa zamu. Damu inatoka puani na bado yuko wima."

"Na sisi, Komandoo?" Luka akauliza.

"Sisi tuna jua. Mimi nimechukua la kila mmoja, na vijana wangu nawapika kwa yote. Komandoo halalamiki, hahitaji mtu, anakula anachokuta."

"Leo amekuta mlenda wangu," Zipora akasema, akamwongezea bakuli. Wote watatu wakacheka. Kicheko hicho Zipora alikuja kukijutia kuliko machozi yote aliyolia baadaye.

Luka aliondoka siku iliyofuata na begi la shule lililokwisha kuchanika zipu. Alipiga simu mara chache, sauti yake ikiwa imekauka, akisema mafunzo ni magumu lakini atamaliza. Kisha simu ikapigwa na mtu mwingine.

Aliyemweleza Zipora ukweli ni Wiliam, kijana wa hapo hapo Samuye aliyekuwa mafunzoni pamoja na Luka. Alikuja ameacha mafunzo, amebeba begi la marehemu, akakaa chini bila kukaribishwa. Alisema walikimbizwa juu ya kifusi cha mawe mchana wa jua kali, kila mmoja na mfuko wa mchanga mabegani. Luka akaanza kuyumba. Akaomba maji. Sostenes alikuwa na dumu mkononi. Alilifungua, akayamwaga maji chini mbele ya miguu ya Luka, akasema, "Mrusi haombi maji." Luka akakimbia tena kidogo, halafu akaanguka. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Kwenye maelezo aliyoandikisha, Sostenes alisema kijana alikuwa na moyo mbovu na alificha.

Samuye nzima ilifika kwenye msiba. Huku msiba huendewa kwa miguu. Vijana huchimba, wanawake hubeba maji na kuni, wazee hukaa na mfiwa, na hata mliyegombania naye mpaka wa shamba juzi huja na jembe lake, mkagombane tena baada ya matanga. Sostenes hakuja. Hata walinzi wake aliwazuia wasije, akasema anayetoka getini hana kazi. Badala yake akatuma bodaboda na gunia la mchele. Alikuwa amekaa mijini mno, akadhani mchele unaweza kushika sururu.

Mayu Klara alikuja. Alikuja na ndoo ya maji kichwani, mgongo umepinda, akalia mpaka sauti ikamkauka. Zipora alimwona. Gunia nalo aliliona, akaliburuta hadi pembeni mwa nyumba na hakulifungua kamba.

Hakwenda kupiga kelele popote. Kwanza alikwenda Tinde, kwa mzee Marcel, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alijua kwamba aliwahi kuwa kwenye kikosi cha makomandoo ingawa mwenyewe hakupenda kulizungumza. Alimkuta anapalilia nyanya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pole na msiba."

"Nimekuja na swali moja. Komandoo hanywi maji?"

Mzee aliweka jembe chini. "Nani kakwambia? Anakunywa kwa amri, mama. Asiyekunywa anagombezwa. Tulikimbizwa mpaka tukalia, lakini daktari alikuwa pale pembeni na gari, na mkufunzi alikuwa anatutazama macho kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Wamarekani ni hivyo, Waingereza ni hivyo. Wanatofautiana milima na bahari tu. Wote wanamfundisha mtu asimwache mwenzake. Anayemnyima mtu maji hamfundishi, anamtesa."

"Wabeja, baba," Zipora akashukuru, akarudi nyumbani. Njiani aliona kwamba ile huzuni yake imekuwa kitu kingine, kitu kigumu ambacho mtu anaweza kukiegemea. Subira huvuta heri, watu husema. Subira ya Zipora haikuwa na haja na heri.

Alipeleka jambo kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ambao mtemi wao alikuwa mzee Stanslaus. Hakuomba ng'ombe wala fidia. Aliomba Sostenes asimame mbele ya watu aseme kwamba Luka aliomba maji, naye akamnyima. Hayo tu. Alitaka kijiji kisikie kwamba mtoto wake hakuwa na moyo mbovu.

Sostenes alikuja kwenye baraza na miwani yake usoni. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema, "Mimi sihukumiwi na watu wa pinde na mishale. Nimewaambia, komandoo hahitaji mtu."

Stanslaus aliwatazama wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa. "Vizuri," akasema. "Basi utaishi bila mtu. Mpaka useme, au mpaka Mama Luka akuachie."

Hiyo ndiyo adhabu ya kutengwa, na mgeni akiisikia huiona ndogo. Hupigwi. Hutozwi. Ila husalimiwi na husalimu, huombi moto wala chumvi, ng'ombe wako akipotea utamtafuta mwenyewe, na hakuna atakayekanyaga uwanja wako kwa harusi wala kwa msiba. Sostenes alicheka, akawasha pikipiki. Siku zake nyingi alikuwa Kharumwa, na mke alikwisha kumkimbia zamani. Adhabu ilimwangukia mama yake aliyebaki ndani ya boma.

Zipora alilijua hilo, na lilimuuma, lakini hakulegea. Kila asubuhi alisimama nje ya ua wa minyaa na kupitisha kikombe cha uji juu yake, kwa kuwa amri ilikataza miguu kuingia, haikukataza mkono.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia.

"Mwangaluka, mwanangu." Bibi kizee alikunywa akiwa amesimama. Siku moja aliuliza, "Jambo hili litaisha lini?"

"Akisema, mayu."

"Nitamwambia aseme."

Alimwambia. Zipora alisikia sauti yake kutoka ng'ambo ya ua, akimbembeleza mwanawe kama anavyobembelezwa mtoto mdogo, na alisikia pikipiki ikiondoka kabla hajamaliza.

Baada ya mavuno Mayu Klara alilala asiamke. Sostenes alikuwepo. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Asubuhi hiyo mfiwa alianza, akalia kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, na hakuna aliyeingia. Wanawake walisimama kwenye milango yao na kanga mdomoni.

Aliwapigia simu walinzi wake. Wakamjibu kwa adabu kwamba aliwakataza kutoka getini. Akatafuta vibarua Tinde. Waliposikia ni boma gani wakadai wana kazi nyingine. Kumpeleka mama yake akazikwe kwingine hakuweza, maana bibi alikuwa ameomba alazwe kando ya mumewe, pale pale nyumbani.

Stanslaus alikuja kwa Zipora na wazee wawili. "Mama Luka, Klara alikuwa mtu wetu. Neno ni lako. Ukimwachia, tunakwenda sasa hivi."

Zipora alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua uso. "Amesema?"

"Bado."

"Basi bado."

Wazee walipoondoka alimwita bodaboda. Akamwonyesha lile gunia la mchele pembeni mwa nyumba, kamba yake ikiwa vile vile, fukusi wakitambaa juu yake. "Mpelekee Komandoo. Liweke nje ya ua, usiingie. Mwambie Mama Luka ameshindwa kuja, ametuma mchele." Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwa mara ya kwanza tangu amzike Luka, Zipora alisikia njaa. Akala michembe, akajaza ndoo maji, akaenda kukaa kwenye kivuli cha minyaa.

Sostenes alikuwa amekwisha kuanza. Ardhi ya Samuye msimu huo ni ngumu, sururu inarushwa nyuma kana kwamba imepiga chuma. Aliivua miwani, akavua shati, akavua buti. Kaburi halichimbwi na mtu mmoja. Anayechimba anahitaji wa kutoa udongo, na anayetoa udongo anahitaji wa kumpokea. Yeye alichimba, akapanda, akatupa udongo, akashuka tena. Watu walizidi kujipanga nje ya ua, vijana na sururu zao begani, na hakuna aliyevuka ua. Jua likapanda. Alipofika kiunoni alianza kuyumba.

Hapo ndipo alipoiona ndoo.

"Mama Luka," akasema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Naomba maji."

Zipora alikuwa ameliwaza neno hilo miezi yote. Alikuwa amelitayarishia jibu, la Mrusi. Lilikuwepo pale mdomoni, tamu kama muwa. Lakini jibu hilo lingemfunga Sostenes mdomo, na yeye alitaka ufunguke.

"Na Luka alisemaje?" akamuuliza.

Sostenes aligeuka, akapiga sururu tena. Akapiga tena. Kisha mpini ukamteleza mkononi, akakaa chini ndani ya shimo, kichwa tu kikionekana, na akatazama mlango wa nyumba ambamo mama yake alikuwa amelala peke yake tangu asubuhi, bila mwanamke hata mmoja wa kumwosha.

"Alisema hivyo hivyo," akasema.

"Sisikii. Na hawa hawasikii."

Alisimama kwa kushika ukingo. Aliwatazama watu wote nje ya ua, na macho yake bila miwani yalikuwa mekundu na madogo. "Luka aliomba maji," akasema kwa sauti kubwa. "Nilikuwa nayo mkononi. Niliyamwaga. Moyo wake ulikuwa mzima. Nilimuua mimi."

Mama mmoja akaanza kulia, na haikujulikana anamlilia nani. Stanslaus alimtazama Zipora. Zipora akatikisa kichwa kukubali, na ule ukuta wa watu ukaingia ndani ya ua. Wiliam aliruka shimoni wa kwanza, akamshika Sostenes kwapani akamtoa, akaokota sururu yake. Wanawake walichukua lile gunia lililokuwa nje, wakalimimina kwenye ungo kupepeta fukusi, kwa sababu watu watakula na mchele ni mchele.

Sostenes alibaki amekaa juu ya udongo alioutoa mwenyewe. Aliinyooshea ndoo mkono. Zipora aliinyanyua, akapita mbele yake karibu kabisa, kiasi cha matone kumwangukia mguuni, na hakusimama. Atapewa na wengine. Alijua atapewa, ndoo nyingine zilikuwa njiani. Ila hii si yake. Wakimuuliza kama moyo wake ulipoa, Zipora hasemi uongo: ulipoa. Hilo halikumrudisha Luka, lakini ulipoa, na hajawahi kwenda kuungama kwa hilo.

Aliungama lingine. Aliingia ndani ya nyumba kabla ya wanawake wenzake, akafunga mlango. Mayu Klara alikuwa kitandani amefunikwa shuka hadi kidevuni, nzi wawili wakitembea kwenye mkono wake, mkono ule uliobeba ndoo ya msiba wa Luka. Zipora aliwafukuza. Alipiga magoti, akachovya kitambaa kwenye maji, akaanza na uso.

"Mayu, nisamehe," akamwambia. "Nimekuchelewesha."

Maji yalikuwa yamepata joto juani. Alimwosha taratibu, mpaka walipogonga mlango kumwambia kaburi liko tayari.