Maji ya Shamba la Chini

Mume wangu ni mtu wa kunyamaza. Ni dereva wa mzee mmoja wa hapa Dubai anayefuga kozi, wale ndege wa kuwindia, na nadhani kazi hiyo imemkubali kwa sababu kozi nao hawapendi kelele. Mimi niko kwenye dobi kubwa ya Al Quoz, tunafua na kupiga pasi shuka za mahoteli kati ya mashine zinazonguruma, kwa hiyo nimezoea kusema kwa sauti. Tumeishi hivyo miaka mingi bila ugomvi wa maana. Tulipoanza kutafuta shamba la uzeeni ndipo tulipojuana.

Chumba chetu kiko mtaa wa International City, nusu ya sebule ya watu iliyokatwa kwa mbao. Kila Jumapili tulikuwa tukijilaza na kutazama mashamba kwenye simu yake. Mkenya wa hapa ukimkuta ameinamia simu usidhani anatazama mpira, anatazama ploti. Na ploti zote ni za kijani. Madalali wa nyumbani wana akili: hupiga video mvua ikishanyesha, mahindi yamefika kiunoni na vipepeo wanaruka. Mwenzangu wa kazini alinunua moja ya namna hiyo. Alipokwenda likizo mwezi wa Agosti alikuta mawe, na mbuzi amesimama kwa miguu miwili akitafuta jani. Alirudi amekonda, na sisi marafiki zake, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka basi la kampuni likafika.

Kwa hiyo nikaweka sharti: hatutazami shamba lolote kabla ya kiangazi. Mume wangu akakubali. Septemba ilipofika alimtuma mdogo wake azunguke kwetu Kitui na simu mkononi, na baada ya kuchambua na kuchambua tukabaki na mashamba mawili.

La kwanza lilikuwa karibu na lami. Dogo, lakini bomba la maji lilipita ukingoni, stima imefika, kanisa ng'ambo ya barabara, zahanati si mbali. La pili lilikuwa kule chini, kuelekea mto Tana, mahali ambapo nyumba za watu zinaisha na pori linaanza. Kubwa, la bei ndogo, na kwenye video ya shemeji hapakuwa na kijani hata cha dawa. Ni vumbi jekundu na migunga mikavu. Halafu katikati ya kimya kile tandala dume, pembe zimejisokota juu ya kichwa, akavuka njia polepole, akageuza shingo na kututazama. Mume wangu aliirudia video hiyo mpaka nikamwomba alale.

Babu yake alikuwa mwindaji wa upinde, wa mishale ya sumu, mtu aliyejulikana upande ule wote. Yeye mwenyewe hajawahi kuua hata sungura. Lakini ndoto yake ya kustaafu ilikuwa hiyo, kuzeeka mahali ambapo babu alikuwa akiwinda. Nilimwambia uwindaji Kenya ulipigwa marufuku yeye akiwa bado ananyonya, sasa huko atawinda nini, panzi? Akasema atakaa tu awaone. Nikamjibu kwamba kukaa na kuona si kuwinda, huko ni uvivu. Akageukia simu yake, na mimi nikadhani nimeshinda.

Nilikuwa na sababu yangu, na haikuwa ubishi. Mama yangu alikuwa na bonde kwenye kipaji cha uso. Alibeba maji mgongoni tangu utotoni, ukanda wa ngozi umepita kichwani, na mfupa ukakubali. Nilipokuwa mdogo nilidhani akina mama wote huzaliwa hivyo, na nilikuwa nikijipapasa usoni kuona kama langu limeanza. Mimi mwenyewe nilibeba mpaka nilipoolewa. Siku niliyopanda ndege kuja huku niliapa kwamba mtungi na mimi tumeachana, na kwamba nitakapozeeka nitafungua mfereji kwa vidole viwili kama bibi wa kizungu. Sasa mtu ananitaka nirudi kule chini, kwa magoti haya, kwa ajili ya tandala.

Hivyo ndivyo miezi ilivyopita. Yeye hakulisema tena shamba la chini, ila alikuwa akiitazama ile video upande wake wa kitanda, sauti imezimwa. Mwanamume asiyegombana ana njia yake ya kukuchosha.

Baridi ilipoingia, mvua ikanyesha jangwani, jambo ambalo hapa ni kama sikukuu. Yule mzee mwenye kozi, ambaye mume wangu humwita arbab kama madereva wote wanavyowaita waajiri wao, akasema wafanyakazi wake waje na wake zao wale chakula kwenye shamba lake. Nilikwenda kwa ajili ya biriani, sitaficha. Tuliendesha mpaka majengo yakaisha, halafu lami ikaisha, halafu nikaona kitu ambacho sikukitarajia: mchanga ulikuwa umeota nyasi. Nyasi nyembamba, fupi, za kijani cha mtoto, zimetandaa juu ya vilima kadiri jicho linavyofika. Ardhi ile ile niliyoiona miaka yote kupitia dirisha la basi na kusema imekufa.

Arbab alikuwa mzee mwenye fimbo, mpole, aliyenisalimu kwa mbali mkono kifuani. Hapa napo kuwinda wanyama wa porini kumekatazwa, kwa hiyo ndege wake hufukuza mabawa makavu yaliyofungwa kwenye kamba. Nilimtazama mume wangu kwa jicho la kumcheka, maana niliona hao wote wawili ni wawindaji wa hewa. Kisha arbab akamvua kozi kofia yake ndogo ya ngozi.

Sijui niseme nini kuhusu macho yale. Ndege alitazama dunia yote mara moja, nami nikiwemo, na nikajihisi nimehesabiwa. Akapanda. Alipanda mpaka akawa nukta, na nukta ikanipotea, lakini mume wangu hakumpoteza. Kidole chake kilikuwa kikimfuata mbinguni mahali ambapo mimi sikuona kitu. Arbab akazungusha kamba. Halafu ukaja mlio, kama shuka mpya inapopasuliwa, na ndege alikuwa amekwisha kufika, mabawa yamefunguka juu ya chambo, mchanga ukiruka. Nilishika kifua changu.

Nilipogeuka nilimwona mume wangu anacheka. Si kutabasamu, alikuwa anacheka kwa sauti, mdomo wazi, machozi yakimtoka, na mtu huyo sikuwa nimemwona tangu tulipokuwa vijana. Niliogopa kidogo. Nilijiuliza amekuwa wapi miaka yote hii, na ni nani aliyemfungia.

Baada ya chakula nilikwenda kutafuta pa kunawa nikakuta kisima cha zamani nyuma ya hema, kimezungushiwa mawe. Mdomoni mwake palikuwa na jiwe moja kubwa lililochimbika mifereji, laini kabisa, kama siagi iliyokatwa kwa uzi. Nilimwita mume wangu, naye akamuuliza arbab, kisha akanitafsiria. Mifereji ile ilichimbwa na kamba. Mama yake arbab alivuta maji pale enzi ambazo hapakuwa na mabomba wala minara, yeye na wanawake wengine kabla yake, na kamba ikapita, ikapita, mpaka jiwe likakubali. Mzee ana nyumba ya vyumba vingi mjini, lakini kitanda chake amekihamishia pale shambani.

Niliweka kidole kwenye mfereji mmoja kikazama. Nilisimama pale nikiwaza kwamba niko mbali na Kitui kuliko nilivyowahi kuwa, na bado ninapapasa kipaji cha mama yangu. Nilishikwa na kitu ambacho mpaka leo nakiita heshima, kwa sababu sina neno lingine. Njiani kurudi sikusema lolote, na mume wangu akaniuliza kama chakula kimenidhuru.

Nilimwambia sijambo, ila shamba la chini nataka kulipima mwenyewe, kwa njia ya mama. Mama yangu alipokuwa akienda kuchunguza mji wa watu, yaani boma lao, tuseme binti wa ukoo ameposwa, hakuuliza ng'ombe wala mabati. Aliomba maji ya kunywa. Kiu hakuwa nayo. Alitaka kuona yanakuja upesi au yanachelewa, yamejaa au ni nusu, na uso wa anayeyaleta ukoje. Akirudi nyumbani alikuwa anajua yote.

Mwezi wa Februari, kiangazi kifupi kikiwa kimeshika, tulimpigia shemeji simu ya video Jumapili asubuhi. Alikuwa amesimama kwenye shamba lenyewe, jasho linamtiririka. Nilimwambia aende mji wa jirani ulio karibu zaidi, aombe maji, na asitaje habari ya kununua. Simu aishike kifuani ili tuone.

Alitoka mama mmoja wa umri wangu, au labda jua ndilo lililomfikisha hapo. Alimpa shemeji kigoda, akaingia ndani, akakaa kidogo. Akarudi na kikombe cha bati amekishika kwa mikono miwili, kimejaa mpaka mdomoni, na hakikumwagika hata tone. Nikajisemea, uso mzuri, kikombe kimejaa, hapa nimeshindwa. Shemeji akanywa nusu, akashukuru, kisha akainamisha kikombe kumwaga yaliyobaki, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyofanya, asirudishe kikombe chenye mabaki yake.

Mkono wa yule mama ulitoka ukakidaka kikombe. Hakukasirika, alikuwa anatabasamu hata. Akainama kwenye mtungi wa plastiki uliokuwa mlangoni, akayarudisha yale maji polepole, akakikung'uta kikombe mpaka tone la mwisho. Alipoinama ndipo nilipoona kipaji chake. Bonde lilikuwepo, pale pale.

Shemeji aliaga. Mume wangu akaikata simu na kuiweka kitandani kifudifudi. Nilimtazama, na nikajua kwamba safari hii hakuona tandala wala mgunga, aliona kile nilichokiona mimi.

"Khalas, yamekwisha," akasema. "Tununue la barabarani. Siwezi kukufanyia hivyo, mama watoto."

Basi nikawa nimeshinda kweli. Nilikuwa nimeungoja ushindi huo tangu Septemba, na ulipofika ukawa mchungu mdomoni. Niliona kidole chake kinafuata nukta mbinguni. Nilimwona akizeeka kando ya lami, kwenye kiti cha plastiki, akitazama malori. Halafu nikamwona yule mama, ambaye hata tukinunua kwingine ataendelea kurudisha nusu kikombe mtunguni, na mimi nitakuwa nimefungua mfereji wangu kwa vidole viwili nikijua. Wahenga walisema ukipenda boga penda na ua lake, ila hawakusema kwamba ua lenyewe litaota kwenye vumbi.

"Tununue la chini," nikamwambia. "Lakini kisima kwanza, nyumba baadaye. Na mfereji uwe nje ya uzio, upande wa jirani, si ndani."

Akapiga hesabu kwa vidole. Kisha akasema hilo litatuweka Dubai miaka mingine ambayo hatukuipanga. Nikasema najua. Akaniuliza kuhusu magoti yangu. Nikamwambia shuka za watu zinapigwa pasi kwa mikono, magoti yanasimama tu hapo kama mashahidi, na akageuka ukutani ili nisimwone.

Tulinunua. Shimo la kwanza lilitoka kavu, na wiki hiyo kila shuka niliyoigusa niliipiga pasi kwa hasira. La pili lilitoa maji, yana chumvi kidogo, lakini ni maji. Nyumba bado haipo hata msingi. Mahali ambapo mfereji unadondoka pamefanya kidimbwi, na shemeji ameshatutumia video ya kanga wanaokunywa hapo, na ya tandala, sijui ndiye yule yule. Mume wangu huitazama sasa kwa sauti wazi, na kidole chake hufuata mnyama kwenye kioo cha simu. Anawinda, nami nimeacha kumwita mvivu. Miguu yangu haijakanyaga shamba hilo mpaka leo.

Juzi nilikuwa kwenye basi la kampuni, tumekwama kwenye foleni ya Al Quoz, shemeji akanipigia kunisimulia alivyopita kwa yule jirani. Alikuwa na kiu ya kweli siku hiyo. Mama yule akamletea kikombe kile kile cha bati, kimejaa. Shemeji akanywa nusu, na kwa kuwa ameshajifunza akamrudishia kikombe mkononi kwa uangalifu. Yule mama alikuwa anamsimulia habari za mbuzi wake. Alikipokea bila kukitazama, akayamwaga yaliyobaki mavumbini, akaendelea na mazungumzo.

Nililia ndani ya basi mpaka mwenzangu, yule wa ploti ya mawe, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni maji tu yamemwagwa.