Muuguzi aliyehamishia kliniki ya akili mnadani

GARISSA, 1997. Saa tatu asubuhi mnada wa mifugo umeshapamba moto, na Kathure Mwiti anamdunga mtu sindano nyuma ya turubai huku mbuzi wa jirani akitafuna pindo la koti lake jeupe. Anamfukuza kwa goti bila hata kugeuka. Ameshamzoea.

Muuguzi huyu mzaliwa wa Meru, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, huwahudumia wagonjwa wa akili, na jioni husoma saikolojia. Mwaka jana mhadhiri wake aliwatoa wanafunzi jasho. Kazi ya muhula haitakuwa insha, alisema. Kila mmoja aandike sera ya afya ya akili, kisha akaitetee mwenyewe mbele ya kamati ya afya ya wilaya.

Kathure aliingia kazini kwa mbwembwe. Akawauliza wafugaji: "Unasikia sauti za watu usiowaona?" Lahaula, karibu wote wakasema ndiyo! Alikuwa tayari kutangaza kwamba wilaya nzima inaugua, mpaka mzee mmoja alipomfafanulia.

"Kila jioni, sista. Kwa redio. Wanasoma habari ya Somalia."

"Nilicheka mpaka nikaona haya," anasema Kathure. "Nikafuta maswali yote, nikabaki na moja tu: mbona hamji kliniki?"

Aliyemjibu ni Fatumo Yarow wa Habaswein, ambaye mdogo wake, Salah, alikuwa akifungwa kamba kila ugonjwa ulipompanda. Hospitalini Salah alikuwa ameandikwa kwamba amekataa dawa. Fatumo hakumumunya maneno.

"Nani amekataa? Lori ya mbuzi naleta sisi Jumatano. Wewe nafungua Jumatatu."

Basi sera ikawa hiyo: kliniki ihamie mnadani, siku ya mnada. Katika kamati, ofisa mmoja aliuliza kama sindano nazo zitapigwa bei, na ukumbi ukaangua kicheko. Hata hivyo walikubali ijaribiwe miezi sita. Wagonjwa waliokuwa wanane kwa mwezi sasa wamepita arobaini.

Majaribio yanakwisha wiki ijayo, na kamati itaamua kama kliniki itabaki mnadani au itarudi Jumatatu. Alama za masomo Kathure alishapata, tena nzuri. Hofu yake ni zile kamba za Salah, zisije zikarudi.

Leo Salah amekuja peke yake na mabeberu wawili wa kuuza. Dada yake amebaki nyumbani, hana wasiwasi. Kathure anamwomba Salah ruhusa awasomee wakubwa wa kamati habari zake.

Salah anashusha mkono wa shati, anafikiri kidogo.

"Habana, abaayo, dada yangu. Usisome. Mimi iko na mdomo, nitakuja mwenyewe."

Kathure anafurahi waziwazi, wala hafichi. Alikuwa amejiandaa kusimama mbele ya kamati kwa mara ya pili. Sasa mpango wake ni kumtafutia Salah kiti cha mbele, kisha yeye akae nyuma na kunyamaza.