Mwanzishaji Mpya wa Wimbo wa Kana

Kijana wa magongo alipoingia kwenye kwaya yetu, mwaka wa tisini na mbili, mwanzishaji nilikuwa mimi. Wimbo ulianzia kooni mwangu: mimi peke yangu natoa mstari wa kwanza, wengine wote wanaudaka. Kanisa letu lilikuwa upande wa Nyamirambo, ukishapita vichochoro vya Biryogo, na ibada moja ilikuwa ya Kiswahili kwa ajili yetu sisi ambao wazazi wetu walitoka Bukavu na Bujumbura. Juma zima nilikuwa fundi cherehani, wa kulaumiwa kwa mikono iliyobana na vifungo vilivyolegea. Jumapili nilikuwa mtu.

Ndipo akaja huyu kijana, gitaa mgongoni, magongo mawili kwapani. Polio ilimpata angali mdogo ikamwachia miguu isiyoweza kumbeba. Alivaa mashati yaliyopigwa pasi kuliko ya mchungaji, na alikuwa na maringo, ila hilo watu hawakuliona. Mimi nililiona siku ya kwanza. Kila alipopita akina mama walisema, "Disi!", neno la Kinyarwanda la kumwonea mtu huruma, na hapohapo mmoja akamwachia kiti, mwingine akampokea gitaa. Mimi niliimba pale miaka mitatu na hakuna aliyewahi kunipokea hata mwavuli.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji huyu hakupona. Kijana alitunga wimbo wake mwenyewe, na mwalimu wa kwaya akampa auanzishe yeye. Watu walitarajia wimbo wa yule kiwete aliyeketi mlangoni pa hekalu, na nadhani walikuwa wameshaandaa vitambaa vya kufutia machozi. Yeye akatunga wimbo wa harusi ya Kana, pale maji yalipogeuka divai, tena wa kuchezeka. Wakalia vilevile. Walilia kwa wimbo wa harusi! Niliona wivu hadi chakula cha Jumapili hiyo hakikupita.

Vita vilikuwa kaskazini, na pale mjini vijana wa vyama vya siasa walipita na bendera na filimbi zao. Yaliyofuata kila mtu anayajua. Mimi hapa nasema habari za wivu, kwa sababu siku zile ndio ulionijaa. Tulikuwa tumealikwa Masaka, nje kidogo ya mji, kwenye mkutano wa kwaya, na wimbo uliochaguliwa ulikuwa huo wa Kana. Nilitaka nafasi yangu irudi kabla ya Masaka. Sikuwa na ombi lingine mbele za Mungu.

Sasa, kwaya yetu ilikuwa na desturi moja iliyotutoa jasho kila Jumamosi. Anayekosea husimamishwa. Wengine mnaketi, yeye anasimama peke yake na kuurudia mstari hadi unyooke, na mwalimu hajali kama una mafua au una mchumba anayekutazama. Ukinyooka, anasema, "Ni hivyo. Kaa." Hakuna makofi. Wote tulipitia hapo, mpaka mke wa mchungaji. Kijana wa magongo peke yake ndiye hakuwahi kusimamishwa.

Na alikuwa anakosea. Wimbo wake nilikuwa naujua kuliko mpenzi wake yeyote. Nilikanyaga cherehani mchana kutwa huku nikiuimba, nikitafuta ufa, maana mtu unayempenda humsikilizi hivyo. Ufa ulikuwa kwenye ubeti wa tatu, watumishi wanapojaza maji mitungini. Pale aliwahi. Aliruka pumzi moja akaingia kwenye divai, na sisi sauti ya pili tuliotakiwa kumwitikia tukabaki tunagongana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa kila alipofungua mdomo.

Basi lawama ilikuwa yetu. "Sauti ya pili! Simama!" Na kwa kuwa nilikuwa mbele, niliyesimama ni mimi. Niliimba peke yangu, sawasawa, nikakaa. Tukaimba pamoja, tukagongana. Nikasimama tena. Kijana alitulia kwenye kiti chake akikaza nyuzi za gitaa, na mama mmoja alikuwa ameshamletea maji ya kunywa. Niliposimamishwa mara ya tatu, kitu kilikatika ndani yangu.

"Mwalimu, hapana sisi," nikasema. "Ni yeye anawahiaka. Maji haiyajaa, yeye iko anaimba divai."

Kanisa zima likaguna.

"Mama we!" akasema mama wa maji. "Weye hauna huruma?"

Sikuwa nayo.

Mwalimu alikohoa, akatazama sakafu. Aliujua ufa ule, niliona usoni mwake kwamba aliujua siku nyingi. "Tuyaache hayo," akasema. Kisha akanigeukia. "Dada, Masaka utaanzisha wewe. Huyu tusimchokeshe."

Nilikuwa nimeipata. Hivihivi, bila hata kuimba. Moyo uliruka, kisha ukashuka vibaya, kwa sababu nilimtazama kijana nikaona shingo yake imevimba kwa hasira.

"Mwalimu," akasema, "nimekosea ao sikukosea?"

"Kidogo tu."

"Basi unisimamishe. Hapa bote banasimamaka."

Akaweka gitaa chini, akavuta magongo. Vijana wawili walikimbia kumshika. "Oya!" akawakatalia, na wakarudi nyuma. Alijisukuma hadi ukutani, akaegemeza mgongo, akatengeneza kola. Hata pale alitengeneza kola! Akaimba ubeti wa tatu bila gitaa, na palepale kwenye maji akawahi tena.

Wote walinigeukia mimi, wakingoja niseme imetosha. Ningeweza kusema hivyo, au kunyamaza tu, nikaenda Masaka na nafasi yangu. Lakini nafasi ya kuachiwa kwa sababu mwenzako anahurumiwa, mtu unaivaaje? Nilitaka nimshinde mimi. Sikutaka ashindwe na miguu.

"Bado," nikasema. "Umewahi tena."

"Wapi?"

"Mwisho wa mitungi. Pumua kwanza."

Nilimpigia mdundo pajani mwangu kwa kiganja. Jasho lilikuwa limemshuka hadi kwenye lile shati, na gongo moja lilianza kuteleza, akalirudisha kwa kiwiko bila kumtazama mtu. Akaanza upya. Mtungi wa kwanza, wa pili. Alipofika mwisho wa mitungi akapumua, akatuacha tukingoja, na ile pumzi ndogo ikafanya divai ilipokuja iwe jambo la ajabu kweli, jambo ambalo na sisi hatukulitarajia ingawa tulikuwa tumeliimba mwezi mzima. Sauti ya pili tukamwitikia. Hatukugongana.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa maji aliinua mikono, akakumbuka desturi, akaishusha.

"Ni hivyo," mwalimu akasema, kwa sauti ileile kavu aliyokuwa akitupa sisi sote. "Kaa."

Kijana alirudi kwenye kiti chake polepole, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona wakati wote ule walipokuwa wakimshangilia. Mwalimu aliniuliza tena kuhusu Masaka. Nilisema aanzishe yeye. Nikakaa kwenye benchi langu nikiumwa na wivu kuliko siku zote, maana sasa alikuwa ameniacha mbali kwa kuimba, na sikuwa tena na kosa lake la kujifariji nalo.