Nyayo za Jumapili

Raonaid hakuwa mtu wa kuchezea Jumapili. Kwetu, kaskazini mwa kisiwa cha Skye, huko Uskoti, viazi vya Jumapili humenywa Jumamosi, na nguo iliyosahaulika kambani hubaki hukohuko mpaka Jumatatu, hata ikipeperushwa na upepo hadi baharini. Siku hiyo hufanyi kazi, hutembei kujifurahisha, wala hubishi hodi kwa mtu isipokuwa ni mgonjwa. Na msimamizi wetu, ingawa hakuna aliyemteua, alikuwa Raonaid. Niliwahi kuanua soksi tu, za mtoto. Jumatatu yake alinijia alfajiri kunisuta, hata chai hakutaka.

Mumewe, Iain, alifariki wakati wa kukata majani ya mifugo. Msibani tulijaa, tukapika, tukaimba zaburi, kisha kila mtu akarudi kwake. Raonaid akaendelea na kondoo wake na kuokota konokono wa pwani wa kuwauzia wenye hoteli. Hatukumwona akilia, tukasema amejikaza. Tulikuwa wajinga.

Majira ya baridi dhoruba ilivuma Jumamosi kutwa, ikakomba mchanga wote wa ghuba yetu. Siku chache baadaye Torcuil, mdogo wa marehemu Iain, mzee wa kanisa mwenye sauti kuliko kengele, akatangaza kwamba amegundua nyayo za dinosaria kwenye mwamba: vidole vitatu vitatu, kila unyayo upana wa sinia, zimefuatana kama za mtu anayekwenda zake dukani. Akawapigia simu watu wa makumbusho. Akaja mtaalamu, binti mpole mgeni wa mambo yetu, nasi tukajazana ukumbini pamoja na mchungaji. Jina la mgunduzi lingeandikwa kwenye kibao juu ya ghuba, na Torcuil alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili hiyo.

"Uliziona siku gani?" binti akauliza.

"Jumatatu. Asubuhi na mapema, baada ya chai."

"Mwongo!"

Tukageuka. Raonaid alikuwa amesimama nyuma, uso umemwiva.

"Jumatatu mchanga ulikuwa umesharudi wote! Mimi nilikwenda na fagio, nikafagia mpaka kiuno kikaniuma, ndipo nikaupata unyayo mmoja."

Torcuil akatabasamu. "Pwani yote ile, shemeji. Ulijuaje pa kufagia?"

Sote tukahesabu siku: kabla ya Jumatatu ni Jumapili. Meza ya Bwana ilikuwa imekaribia, na kwetu mvunja Jumapili hakaribishwi mezani. Angenyamaza tangu mwanzo, nani angejua?

"Raonaid," mchungaji akasema, "Jumapili ulikuwa pwani?"

"Nilikuwa pwani."

"Pengine kuna kondoo aliyetumbukia?"

Mchungaji wetu ana huruma. Kumwokoa mnyama kunaruhusiwa. Nikamsogelea Raonaid, nikamfinya mkono. "Sema kondoo! Sema kondoo, wewe!"

"Kondoo wangu walikuwa zizini," akasema. "Jumapili nyumba haikaliki, mchungaji. Siku nyingine nina kazi, mtu anapita, mtu ananiita. Jumapili ni mimi na saa ya ukutani. Nikatoka. Nikaziona zile nyayo, jitu lile limetembea hapa kwetu kabla ya kanisa, kabla ya kila kitu, nikacheka peke yangu. Nilikuwa sijacheka tangu Iain aondoke. Sasa huyu anaziita za Jumatatu! Si za Jumatatu."

Niliona aibu, nikaangalia viatu vyangu. Mchungaji akakohoa kidogo, akamgeukia Torcuil.

"Na wewe uliziona lini, mzee wangu?"

Torcuil akajikuna kidevu. "Mimi... nilifuata kondoo."

"Kondoo gani?" mkewe akadakia. "Si uliwauza wote kabla ya baridi!"

Tulicheka mpaka madirisha yakatetemeka. Binti wa makumbusho, maskini, kalamu mkononi, akauliza basi aandike jina la nani.

"Andika dhoruba," akasema mchungaji.

Mwaka ule, Meza ya Bwana ilipoandaliwa, Raonaid na Torcuil waliketi viti vya nyuma, wakigombania kitabu kimoja cha zaburi. Lakini Jumapili ya kwanza tu baada ya kikao kile, ibada ilipokwisha, Torcuil alishika njia ya kwa shemeji yake badala ya kwake. Mimi nilimfuata na sufuria ya supu, niliyoipika Jumamosi. Nyuma yangu alikuja mke wa Torcuil, na nyuma yake wengine.

Raonaid akafungua mlango, macho yamemtoka.

"Tumesikia unaumwa," akasema Torcuil.

"Naumwa nini? Mimi mzima kabisa!"

Torcuil akatazama barabarani huku na huku, akashusha sauti.

"Shemeji, kohoa."

Raonaid akatutazama mmoja mmoja, machozi yakimlengalenga. Kisha akakohoa kwa nguvu, kijiji kizima kisikie, akatupisha ndani.