Kibuyu cha Mwaitu Kwenye Shuka Nyeupe

Nakumbuka ile siku ya soko pale Matiliku watu waliponicheka mpaka madawati yakatingishika, na aliyeumia zaidi hakuwa mimi bali mama yangu. Keti vizuri unisikilize, mwanangu. Juzi nilikuona kanisani ukiigiza, ukijipiga kifua na kupaza sauti mpaka mbwa wa mchungaji akatoka nje, na nikajiona mwenyewe nilivyokuwa katika umri wako. Kipaji unacho, siwezi kukunyima. Umekitoa kwangu.

Miaka ile ya sabini, kutoka Matiliku mpaka Nunguni, hapakuwa na msichana aliyeweza kulia jukwaani kama mimi. Sisemi hivi kwa kujigamba, au tuseme najigamba kidogo, umri wangu unaniruhusu. Makanisa yaliniazima kila Krismasi. Hatukuwa na vipaza sauti, kwa hiyo ilibidi hata mzee anayesinzia benchi la mwisho ajue kwamba ninateseka. Nililia kwa mikono, kwa mabega, kwa magoti. Wanawake walinipa mayai na kuniambia nina karama.

Halafu mvua ikakataa, msimu mmoja, na wa pili. Huku kwetu chini mashamba yalikauka na ng'ombe wakaanza kufa. Wakuu wa kanisa letu wakaamua itengenezwe filamu fupi ya kuonyesha hali yetu, ipelekwe makanisa ya milimani, Nunguni na jirani zake, ambako mahindi na viazi vilikuwa bado vipo, ili ndugu zetu wa kule watusaidie chakula. Basi filamu hiyo haikuwa ya kustarehesha watu. Ilikuwa sufuria yetu.

Aliyeletwa kuitengeneza aliitwa Mbithi, Mkamba mwenzetu aliyesomea kazi hiyo Nairobi, mwenye nywele nyingi na suruali pana miguuni. Sisi tulimwita Dairekta. Alitafuta mtu wa kuigiza mama aliyefiwa na ng'ombe wake wa pekee, na wote wakaninyooshea mimi kidole. Nilifurahi sana, kwa sababu hadithi hiyo ilikuwa ya nyumbani kwetu. Mama yangu, Mwaitu kama tunavyosema kwa Kikamba, alikuwa amefiwa na ng'ombe wetu miezi michache kabla. Alikuwa mjane, na ng'ombe yule ndiye aliyenisomesha.

Sasa ng'ombe wa kufa katika filamu hatukuwa naye. Tuliazima wa jirani yetu Kioko, aliyekonda vya kutosha, vijana wakamlaza na kumshika miguu pembeni, mahali ambapo kamera haifiki. Dairekta akasema anza, nami nikaanza. Nilijitupa chini. Niligaagaa, nikajipaka vumbi, nikainua mikono mbinguni. Dairekta akaniambia nilie zaidi, nikazidisha. Nilipomaliza vijana wakanipigia makofi, nami nikaenda nyumbani nikijua nimefanya kazi ambayo haijawahi kuonekana Ukambani.

Ilipita kama mwezi mmoja kabla ya ukanda wa filamu kurudi kutoka Nairobi, ulikopelekwa kusafishwa. Dairekta aliamua tuutazame kwanza sisi wenyewe, katika darasa moja la shule yetu, mchana wa siku ya soko. Madirisha yalizibwa kwa magunia na blanketi, shuka nyeupe ikatundikwa ubaoni, jenereta ikanguruma nje. Mwaitu alikaa mbele kabisa na kitambaa chake cha Jumapili kichwani. Alikuwa amewaambia majirani kwamba binti yake amemwigiza yeye.

Mwanangu, kwenye shuka ile uso wangu ulikuwa mkubwa kama mlango. Mdomo niliouzoesha kumfikia mzee wa benchi la mwisho sasa ulionekana mpaka magego. Kila nilipopunga mkono, mkono ulijaza ukuta. Dairekta naye alikuwa ameweka muziki wa kinanda chini ya kilio changu, kwa hiyo tulikuwa tunalia wawili, mimi na kinanda. Watu wa nyuma wakaanza kucheka kwa pua. Halafu ng'ombe aliyekufa akatikisa sikio.

"Huyo ng'ombe si ni ya Kioko?" mzee mmoja akasema. "Mimi nimeiona leo asubuhi kisimani, inakunywa maji."

Darasa zima likapasuka. Watoto walianguka chini kwa kicheko. Na hao walikuwa watu wetu, waliokuwa na njaa kama sisi. Mwaitu aliinuka, akafunga kitambaa chake vizuri, akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akatoka.

Nilimkuta nyumbani akipepeta kunde chache zilizobaki. Nilikuwa nalia, na safari hii nilikuwa nalia kweli.

"Nduku," akaniambia, "yule mama wa kwa sinema mimi simjui."

"Ni wewe, Mwaitu. Niliigiza wewe."

"Mimi nilianguka lini? Ng'ombe yetu ikikufa uliniona nikigaagaa chini kama mtu ameumwa na siafu? Ulikuwa hapa. Sema chenye uliona."

Nilikuwa nimekiona, na nilikuwa nimekiacha. Asubuhi ile ng'ombe alipokufa, Mwaitu alirudi kutoka zizini, akachukua kibuyu cha maziwa, akakiosha. Alikiosha ndani na nje kama anavyofanya kila siku kabla ya kukamua. Kisha akasimama nacho mkononi, kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi, akakirudisha kwenye kijiti chake uani kikauke. Kesho yake akakiosha tena. Alikiosha kila asubuhi kwa wiki nyingi, na hapakuwa na tone la maziwa. Mimi niliona aibu kuigiza jambo dogo hivyo. Niliona halinitoshi.

Nilikwenda kwa Dairekta nikamweleza. Nilidhani atanifukuza. Akajikuna zile nywele zake, akasema, "Kosa si lako pekee. Mimi ndiye nilikuambia ulie zaidi, na mimi ndiye niliweka kinanda. Niliogopa watu hawatasikia huruma bila kusukumwa." Alikuwa amebaki na kipande kidogo cha ukanda, cha kutosha mara moja tu. Kama tungekosea, filamu ingepanda Nunguni na sikio la ng'ombe wa Kioko, na wenye mahindi wangecheka kama walivyocheka wenzetu.

Safari hii hakuleta ng'ombe. Alipiga picha zizi tupu na kamba iliyoning'inia mlangoni, basi. Kamera akaiweka karibu na mlango wa jikoni, chini, iangalie mikono yangu na nusu ya uso. Akaniambia nisiangalie kamera, nisilie, nioshe kibuyu tu kama ninavyokijua. Kibuyu kilikuwa kile kile cha Mwaitu. Aliniletea mwenyewe.

Niliosha. Machozi yalinijia nikayameza, na hakuna kitu kigumu kama hicho kwa mtu aliyezoea kusifiwa kwa machozi. Nilisimama nacho mkononi. Mwili wangu wote ulitaka kuongeza kitu, hata kushusha pumzi tu kwa nguvu, nami nikaukatalia. Kisha nikakitundika. Dairekta aliacha kamera iendelee kukiangalia kile kibuyu hata baada ya mimi kuondoka, mpaka ukanda ukaisha.

Tulipanda Nunguni kwa lori la kanisa, na Mwaitu akasema lazima aende. Kule kulikuwa na ukungu na baridi, na watu walikuja kanisani na makoti yao, wengine wakiwa na nyuso za kutaka tumalize haraka. Sehemu yangu ilipofika, kinanda kilikuwa kimeondolewa. Palisikika jenereta tu. Mikono yangu ikaosha kibuyu. Waliokuwa wakikohoa wakaacha. Nilipokitundika na kutoka, kamera ikabaki, na hapo nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake polepole, "Hakuna maziwa. Anaosha na hakuna maziwa." Aligundua mwenyewe, mwanangu. Hakuna aliyemwambia. Na kwa sababu aligundua mwenyewe, akalia.

Mwanga wa mchana ulipoingia, magunia yakiondolewa madirishani, hakuna aliyetoka upesi. Mzee mmoja mwenye koti la mvua ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda nje, akarudi na gunia la mahindi begani akaliweka pale mbele. Wengine wakamfuata. Lori liliposhuka jioni ile, sisi tulikaa juu ya magunia.

Lakini siyo magunia ninayojivunia zaidi. Kabla hatujaondoka, yule mwanamke wa nyuma alimwendea Mwaitu akamuuliza kama anamjua mama wa kwenye sinema, kama bado yuko hai. Mwaitu aliweka sawa kitambaa chake.

"Ni mimi," akasema. "Mwenye ameigiza ni msichana yangu."

Basi sikia ninachokushauri. Ukiwa jukwaani au mbele ya kamera, usimlilie mtazamaji machozi yake, utamwachia kicheko tu. Mpe kitu cha kweli akitazame, na umwachie nafasi akifikie kwa miguu yake. Angalia kwanza mtu mwenyewe anafanya nini mikononi mwake siku mambo yanapomwendea vibaya, kisha ufanye hivyo, usiongeze. Na ukija kuwa dairekta, maana nakuona una mdomo wa kuamrisha watu, jua wakati wa kunyamazisha kinanda.

Mungu akubariki kwa macho ya kuona madogo na moyo wa kutoyaonea aibu. Na yule utakayemwigiza, akiwa ameketi mbele kabisa na kitambaa chake cha Jumapili, akutazame mpaka mwisho, aseme ni yeye.