Mwanamke wa Ndani ya Gari la Baba Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka 2012, mwanangu, wewe ukiwa shule ya bweni, baba yako alipoleta nyumbani gari lake la kwanza. Lilikuwa limetumika Japani, lakini kwetu hapa Lodwar lilikuwa jipya, na vioo vilipanda na kushuka kwa kubonyeza tu. Alipoliwasha, sauti laini ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani.

"Ejok," baba yako akamjibu kwa salamu yetu ya Kiturkana, kwa heshima zote.

Sitakuficha, nilimwonea wivu. Mimi nikimsemesha baba yako, jibu lilikuja baada ya chai. Yule alijibiwa hapo hapo.

Shida ni kwamba baba yako aliamua huyo mwanamke ndiye mlinzi wa gari. Nikimuuliza kama ameangalia oili, ananiambia, "Hii ni gari ya kisasa, Mama Ekiru. Kitu ikiharibika, atasema." Basi boneti haikufunguliwa. Hata taa ndogo ya njano ilipowaka mbele yake, alisema hiyo ni pambo.

Mwaka uliofuata, rafiki yangu Nyandeng, mama wa Sudan Kusini aliyekuwa na duka kambini Kakuma, alinichagua niwe mama wa ubatizo wa binti yake. Alikuwa amefiwa na dada zake wote, ndiyo maana aliniomba mimi. Nikashona gauni jeupe, tukaondoka mapema.

Barabara wakati huo ilikuwa imebaki vipande vya lami, kwa hiyo tulipita kando, kwenye vumbi. Katikati ya safari, hewa baridi ya gari ikageuka kuwa ya moto, na mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Simama," nikamwambia.

"Hajasema kitu."

"Mimi nasema."

"Wewe si wa gari."

Tulikwenda kidogo tu, mvuke ukafunika kioo chote na injini ikanyamaza. Baba yako akageuza ufunguo. Yule mwanamke akatusalimu vizuri, kama kawaida yake.

"Sasa anasema nini?" akaniuliza.

"Anasema ungemsikiliza mkeo."

Likapita lori la mbuzi, likatusimamia. Mbele kwa dereva kulikuwa kumejaa. Nilimfikiria Nyandeng amesimama kanisani peke yake, nikapanda nyuma na mbuzi. Mwanangu, mbuzi hana adabu. Kabla hatujafika, mmoja alikuwa amekula ukosi wa gauni langu na mwingine anatafuna mkono.

Niliingia kanisani wimbo wa kwanza umekwisha. Watu waligeuka, nadhani kwa sababu ya harufu. Nyandeng akaja, akavua shuka lake la begani na kunifunga juu ya lile gauni.

"Umefika," akasema. "Sasa shika mtoto yako."

Nikamshika. Nililia kuliko mtoto mwenyewe.

Baba yako alifika alasiri, akivutwa kwa kamba. Fundi mmoja Mkongo alitoa chujio la hewa, akaligonga chini, likamwaga vumbi la kutosha kukandika ukuta. Oili ilikuwa nzito kama uji uliolala. Maji hayakuwemo kwenye rejeta. Gasketi ilikuwa imeungua. Baba yako akamuuliza fundi kwa upole, yule mwanamke wa garini alikuwa akisema nini muda wote huo.

"Miye sijue Kijapani, papa," fundi akasema, mkono juu ya injini. "Nasikilizaka tu moteri."

Tulitembea kwa miguu majuma mengi. Gari liliporudi, baba yako aliniita nje, akafungua boneti, akanipa kile kijiti cha kupimia oili. "Wewe unasemaje?" akaniuliza. Tangu hapo tuliliangalia pamoja, na gari lile lilitutumikia mpaka ulipomaliza chuo.

Sasa nawe umenunua la kwako, lenye skrini kubwa kuliko televisheni yangu. Basi nisikilize. Badilisha oili kabla haijachoka. Ukitoka Lokiriama au ziwani, toa chujio ukung'ute vumbi. Maji uyaangalie asubuhi, injini ikiwa baridi, na usifungue kifuniko kikiwa moto, utaungua uso. Taa ikiwaka, usiipe maana unayoipenda wewe, nenda ukaulize. Na aliyekaa kando yako akikwambia simama, simama kwanza, mbishane gari likiwa limezimwa.

Akuj, Mungu wetu, akutangulie njiani, mwanangu. Popote utakapokwama akuletee mtu mwenye maji, na kila unakokwenda uwakute wenyeji bado wanakungoja.